Sindano za Alhamisi

Daktari wa maiti alimsogezea Inspekta kiti, kisha akamsogezea darubini.

"Tazama."

Inspekta hakutazama. "Niambie kwanza ni nini. Nikitazama bila kujua, nitaona ninachokitaka."

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na chumba kilinuka dawa ya kuhifadhia maiti na sabuni ya unga. Mezani kulikuwa na faili la mwanamke wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa hesabu. Ijumaa asubuhi alikwenda kung'oa gego. Damu haikukatika. Alirudishwa kwa daktari wa meno mara mbili, akashonwa, akapelekwa hospitali kubwa, akaongezwa damu, na Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi akafariki. Jioni ile ile daktari wa meno alikamatwa. Sasa alikuwa na siku ya nne rumande, na ndugu wa marehemu walikuwa wakipiga simu kituoni kila kukicha kuuliza kama bado yumo.

"Yule bwana hakukosea," alisema daktari wa maiti. "Jino limetoka zima, mshipa haukuguswa. Tatizo ni damu yenyewe. Nimepima ile waliyomtoa hospitalini kabla hajafa. Kwenye damu kuna vijipande vidogo, tunaviita chembe sahani. Ukijikata, ndivyo vinavyokimbilia kwenye jeraha, vinashikana, vinaziba. Huyu anavyo vya kutosha. Lakini havishikani. Ni kama umewapaka watu mafuta mikononi halafu ukawaambia wavutane."

"Dawa ya kuzuia damu isigande?"

"Nimepima zote ninazozijua. Hamna."

"Na usizozijua?"

"Ndiyo maana nimekuita." Alimwonyesha picha. "Chini ya kitovu kuna alama za sindano. Kumi na moja, kwenye mstari kama vifungo vya shati. Hakuwa na kisukari. Ya kwanza imebaki doa tu, ya mwisho ilikuwa na siku mbili hivi alipokufa. Kila moja imepishana na mwenzake kwa kiasi cha wiki."

"Alijichoma mwenyewe?"

"Anayejichoma mwenyewe huegemea upande mmoja. Hizi zimenyooka. Amechomwa na mtu anayeijua kazi, tena asiye na haraka."

Mwisho wa faili palikuwa na barua ya ukurasa mmoja. Mwaka uliopita Mwalimu alikatwa titi kwa saratani. Miezi mitatu iliyopita aliomba kuingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya kuzuia saratani isisambae mwilini. Alikataliwa kwa sababu umri wake ulizidi. Barua ilikuwa na sahihi ya Profesa, mkuu wa maabara ya utafiti iliyo nyuma ya hospitali kubwa.

Inspekta aliomba nakala, akaitia mkobani.

Nje, Sajenti alikuwa kwenye usukani akimenya chungwa. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na kila kesi aliiona kama mtu anayemcheleweshea safari.

"Binti yake, afande," alisema hata kabla gari halijawaka. "Nyumba ya vyumba vitatu, mtoto mmoja. Mimi ningeanzia hapo."

"Ndiko tunakoanzia. Lakini usimtazame hivyo unavyonitazama mimi sasa hivi."

*

Binti wa marehemu alikuwa fundi cherehani. Sebule ilikuwa imejaa sare za shule, mashati meupe upande mmoja, kaptura upande wa pili, na yeye katikati akikanyaga mashine. Hakusimama.

"Mmemwachia yule daktari?"

"Bado yumo," alisema Inspekta. "Pole na msiba, mwanangu. Nani alikuwa akimchoma mama sindano?"

Mashine ilisimama.

"Sindano gani?"

"Za tumboni. Kumi na moja."

"Mama hakuwa akichomwa sindano. Ningejua. Nalala naye nyumba moja." Alimgeukia Sajenti, akaona macho yake, akakunja uso. "Mnanishuku mimi?"

"Tunamshuku kila mtu, dada," alisema Sajenti. "Usijione umeonewa."

Inspekta alivuta kigoda akaketi. "Hebu nieleze wiki yako. Jumatatu mpaka Jumapili, uko wapi na mama yuko wapi."

Binti alieleza. Alishona siku zote nyumbani, isipokuwa Alhamisi alasiri, alipopeleka sare madukani na kurudi jioni. Mama alikaa nyumbani akisoma na kufanya hesabu zake.

"Tena," alisema Inspekta.

Kituoni wenzake walimwita Bi Tena kwa neno hilo. Mtu akimaliza kueleza, yeye humrudisha mwanzo, na ikifika mara ya tatu uongo huanza kuchoka. Lakini mara hii kilichojitokeza hakikuwa uongo. Binti alipofika Alhamisi kwa mara ya pili, alisita.

"Alikuwa ananifukuza," alisema. "Saa tisa na nusu tu, 'nenda, utachelewa, maduka yatafungwa.' Hayafungwi mpaka saa moja. Nilidhani anataka nafasi ya kulala." Akashika ukingo wa mashine. "Alikuwa na mtu anakuja."

"Mama alifundisha hesabu miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mtu wa hesabu haachi kuandika. Daftari lake liko wapi?"

Lilikuwa chini ya godoro, daftari la mraba lenye jalada gumu. Mwandiko ulikuwa mdogo na umenyooka, kila mstari na tarehe yake. *Alh. saa 10. 20.* Mara nne hivyo hivyo. Kisha *40*, mara nne. Kisha *60*, mara tatu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alijiandikia maelezo. *Namba yangu ni 3. Nisimwambie yeyote, hata daktari, hata mtoto. Fizi zinatoa damu nikipiga mswaki. Mchubuko paja la kushoto, sikumbuki kujigonga. Nimemwambia D.F. Anasema ni kawaida.*

Binti alisoma begani mwa Inspekta, kisha akakaa sakafuni katikati ya mashati.

"Hata mtoto," alisema.

Inspekta alilifunga daftari. Kule kwa daktari wa meno kulikuwa na fomu ambayo Mwalimu aliijaza kwa mkono wake. *Unatumia dawa yoyote? Hapana.* Siku nne mtu alikuwa ndani kwa sababu ya neno hilo moja.

Kwenye gari Sajenti aliendesha mpaka taa za barabarani. "Basi si binti," alisema hatimaye, kama mtu aliyenyang'anywa kiti.

"Sijasema si yeye. Ila tazama namba. Ungekuwa unaiba dawa umtibu mama yako, ungempa kiasi gani?"

"Kile wanachopewa wengine."

"Na ukiona fizi zinatoa damu?"

"Napunguza. Au naacha."

"Huyu aliongeza," alisema Inspekta. "Anayetibu haongezi mgonjwa akianza kuvuja. Anayeongeza ni mtu anayetaka kujua kitatokea nini."

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa safi kiasi cha kumfanya Sajenti ajifute viatu mara mbili. Profesa mwenyewe alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na aliagiza chai bila kuulizwa. Alipoambiwa habari za Mwalimu alitikisa kichwa taratibu.

"Nasikitika. Tulikataa watu thelathini na wawili. Siwakumbuki wote, na kwa kweli sikuonana na hata mmoja wao. Wao hupata barua tu."

"Hiyo dawa inafanya nini?" aliuliza Inspekta. "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kawaida."

Profesa alibandua karatasi moja ndogo ya manjano, zile zenye gundi kwa nyuma, akaiachia ipeperuke. Iligusa kabati, ikanasa.

"Saratani mara nyingi haiui pale ilipoanzia. Huua inaposafiri. Seli inabanduka, inaingia kwenye damu, inaelea. Ikielea tu hufa. Lakini ina vishikizo juu ya ngozi yake, kama gundi hii. Ikipita kwenye mapafu au ini inanasa kwenye ukuta wa mshipa, inajipenyeza, inajenga. Dawa yetu inakwenda kufunika vile vishikizo. Seli inafika, inagusa ukuta, inateleza." Alitabasamu. "Hatuiui. Tunainyima mahali pa kukaa."

"Na vishikizo hivyo viko kwenye saratani peke yake?"

Tabasamu lilikaa pale pale, ila macho yaliondoka. "Hilo ni swali la mwanafunzi wa mwaka wa tatu."

"Hata polisi wanaliuliza."

"Chembe sahani za damu zina vishikizo vya ukoo mmoja na hivyo. Kwa dozi ndogo hazidhuriki. Kamati ya maadili ilituwekea kikomo cha miligramu ishirini."

"Wewe ulitaka ngapi?"

"Zaidi. Kila mtafiti hutaka zaidi. Ndiyo maana kuna kamati."

"Panya walipopewa zaidi ilikuwaje?"

"Saratani haikusambaa kabisa." Akanywa chai. "Wachache walivuja damu."

Inspekta aliandika. "Alhamisi alasiri huwa uko wapi?"

"Saa kumi nipo darasani. Kila Alhamisi. Wanafunzi arobaini watakuambia."

"Funguo za friji la dawa ziko kwa nani?"

"Ufunguo ni mmoja, na anao fundi wetu wa maabara. Mwanamke mwaminifu." Akafikiri kidogo. "Angalau hivyo ndivyo nilivyomjua siku zote."

Kwenye korido Sajenti alimwinamia Inspekta. "Afande, wewe ulisema alasiri. Saa kumi kaisema yeye."

"Nimesikia."

"Lakini wanafunzi arobaini ni wengi kuwahonga."

"Sidhani alikwenda yeye. Nadhani alijua nani anakwenda, na amekaa tayari kumtupa." Alisimama. Mlangoni mwa chumba cha mafriji, dada mmoja mwenye koti jeupe alikuwa akiitwa na mwenzake kutoka mbali: "Dada Friji, simu yako."

Inspekta alifungua daftari la Mwalimu, akaiangalia ile D.F., akalifunga.

*

Dada Friji alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mikono iliyokauka kwa baridi, na funguo shingoni kwenye utepe. Chumba chake kilinguruma. Mafriji sita marefu yalisimama ukutani, na kwenye kila mlango kulikuwa na karatasi ya kuandikia joto kila baada ya saa mbili, na sahihi.

"Alhamisi saa kumi nilikuwa hapa hapa," alisema. "Angalieni wenyewe. Sikosi hata saa moja."

Inspekta aliangalia. Alhamisi iliyopita, saa kumi: themanini chini ya sifuri, sahihi. Ile ya kabla yake vivyo hivyo. Aliendelea kufuata safu kwa kidole mpaka chini kabisa, akasimama hapo muda mrefu kiasi kwamba Sajenti naye alisogea kuchungulia.

"Leo ni Jumatano," alisema Inspekta.

"Ndiyo."

"Hapa pameandikwa kesho. Saa kumi, themanini chini ya sifuri, na sahihi yako."

Friji liliendelea kunguruma.

"Una kipaji, dada," alisema Sajenti. "Mimi hata mvua siwezi kuikisia."

Dada Friji alivua ule utepe wa funguo taratibu, akauweka mezani, akakaa.

"Mwalimu alikuwa mtu mzuri," alisema. "Alikuwa ananiandalia juisi. Ananiuliza hesabu za kichwa mpaka dawa inaisha kuingia."

"Nani alikutuma?"

"Profesa. Alisema hawa ni watu waliofungiwa mlango na kamati, sisi tunawafungulia dirisha. Dada yangu alikufa kwa ugonjwa huo huo, saratani ilikimbilia ini. Kwa hiyo sikuuliza mara mbili. Kila Alhamisi asubuhi nakuta bahasha kwenye droo yangu, ndani kuna namba na dozi."

"Imeandikwa kwa mkono?"

"Imepigwa chapa. Haina jina." Aliwatazama. "Najua mnachofikiri. Funguo ninazo mimi, karatasi haina jina, na yeye saa kumi yuko darasani."

Ndicho hasa Inspekta alichokuwa akifikiri. "Mwalimu alikuambia fizi zinavuja."

"Nikamwambia Profesa. Akasema ni kawaida, itatulia, na kwamba dozi ikipanda ndipo dawa inapofanya kazi. Jumamosi nilipopiga simu ya Mwalimu, alipokea binti yake akilia. Nikampigia Profesa pale pale, saa nne. Akasema ni jino, daktari kakosea, nisiwatie wengine hofu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nikaamini. Nilitaka kuamini."

"Wengine?"

"Walikuwa watano, pamoja na Mwalimu."

Sajenti aliacha kuegemea ukuta.

"Jumatatu pia nilikuta chupa moja imepungua," aliongeza Dada Friji. "Nilihesabu mara tatu. Sikuigusa mimi."

"Profesa anasema ufunguo ni mmoja."

"Basi chupa ilitoka yenyewe."

Inspekta hakumwamini wala hakumkatalia. Chupa inayopotea yenyewe ni hadithi ambayo kila mtunza stoo aliyebanwa amewahi kuitoa. "Taja hao wanne waliobaki. Wako wapi na wanafanya nini leo."

Namba moja alikuwa nyumbani, na mbili na nne vile vile. Sajenti alianza kupiga simu: wasing'oe jino, wasinyolewe, wasikatwe hata ukucha. Dada Friji alifika kwa namba tano akaitazama saa ya ukutani.

"Ni fundi saa. Walimkatalia kwa sababu ya sukari. Walimtoa saratani ya utumbo mwaka jana, na pale kwenye mshono pametokea henia."

"Na?"

"Anapasuliwa leo. Hospitali ya wilaya, saa nane. Nilimwambia aahirishe, akasema amesubiri foleni miezi mitano."

Saa ya ukutani ilionyesha saba na ishirini. Simu ya wodi iliita mpaka ikakata. Inspekta alichukua funguo za gari kutoka mfukoni mwa Sajenti bila kuomba.

"Rudi ukanywe chai ya Profesa. Inywe polepole. Asitoke." Akamgeukia Dada Friji. "Wewe twende."

*

Walimkuta kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu, hatua sita kutoka mlango wa chumba cha upasuaji. Fundi saa alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, amevaa gauni la kijani na kofia ya karatasi. Daktari mpasuaji alikuwa amekwisha kunawa, mikono ameiinua mbele yake.

"Simama hapo hapo, daktari," alisema Inspekta, na akaonyesha kitambulisho. "Mgonjwa huyu anachomwa dawa inayozuia damu isigande. Ukimkata damu haitakatika."

Daktari alimtazama Fundi saa. "Ni kweli?"

"Hapana," alisema Fundi saa.

"Unamjua huyu dada?"

Fundi saa alimtazama Dada Friji usoni, mwanamke aliyemchoma sindano wiki kumi. "Simjui."

Dada Friji alifungua mdomo, Inspekta akamgusa mkono.

"Vipimo vyake nimeviona," daktari alisema, akianza kukasirika. "Chembe sahani zake ni nyingi kuliko zangu. Nina wagonjwa wawili nyuma yake, mama, na mtaalamu wa nusukaputi anaondoka saa kumi."

"Kuwa nazo na kushikana ni mambo mawili." Inspekta alikuwa amesogea karibu na kitanda. Chini ya taya la Fundi saa palikuwa na kipande cha pamba. "Umenyoa ndevu leo, kaka?"

"Waliniambia nije msafi."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Saa kumi na moja na nusu."

"Sasa ni saa nane kasoro. Daktari, hebu ondoa hiyo pamba."

Daktari alisita, kisha akamwashiria muuguzi. Muuguzi aliivuta kwa koleo. Ilikuwa nzito, imelowa mpaka nje, na chini yake kajeraha kadogo ka wembe, kafupi kuliko punje ya mchele, kalikuwa kakitoa damu kama kamekatwa sasa hivi. Tone lilijaa, likateleza shingoni, likaingia kwenye ukosi wa gauni. La pili likafuata.

Daktari alishusha mikono yake, akaanza kufungua kamba za vazi lake mgongoni.

"Mrudisheni wodini," alisema. "Na mtu asimguse kwa kitu chenye ncha."

*

Wodini Fundi saa alimgeuzia Inspekta mgongo. Dada Friji alibaki nje kwenye benchi.

"Umefurahi?" alisema akiutazama ukuta. "Waliniambia nikitamka tu, dawa inakatika. Sasa imekatika."

"Nani alikuambia?"

"Mwaka jana walinipasua wakakuta imeanza kutembea. Wakasema itarudi ndani ya miezi. Tangu nianze hizo sindano nimepigwa picha mara mbili, hakuna kitu. Mapafu safi, ini safi. Umeniokoa na kisu, sawa. Na hii nyingine utaniokoa nayo kwa kitambulisho?"

Inspekta alivuta kiti. Alizoea watu kumdanganya, na kwa hilo alikuwa na dawa. Huyu sasa alikuwa akimwambia ukweli.

"Siwezi," alisema. "Na sijui kama ni dawa iliyokusaidia au ulikuwa huna kitu. Huenda ni dawa. Ila namba tatu amekufa. Mwalimu mstaafu. Aling'oa jino."

Mgongo ulitulia. "Lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi hii iliyopita? Una hakika si Jumatatu?"

"Cheti nimekisoma mimi mwenyewe. Na saa nne aliyekuwa akitoa dozi alikuwa ameshapigiwa simu."

Fundi saa alijigeuza. Alikaa kitandani taratibu, kiganja amekibana kwenye pamba mpya, na kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta vizuri.

"Alikuja Jumapili," alisema.

"Dada huyu?"

"Huyu dada huja Alhamisi. Jumapili alikuja bwana mmoja, mrefu, ana sauti ya kubembeleza. Kibandani kwangu, kabla ya adhuhuri. Akasema yeye ndiye mwenye dawa, amekuja kunijulia hali kabla ya upasuaji. Akanichoma mwenyewe. Nikamwuliza kiasi gani, akasema themanini. Akasema nimebahatika, ni mimi wa kwanza." Akaibana pamba zaidi. "Nikamwuliza wenzangu wanaendeleaje. Akasema wote wazima."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Ile chupa iliyopungua ilikuwa imepata mwizi wake, na ufunguo haukuwa mmoja. Lakini Profesa angekana, na wakili wake angesema fundi saa na fundi maabara wametunga pamoja.

"Alikuwa peke yake? Kuna aliyemwona?"

"Hakuna. Jumapili majirani wanafunga vibanda vyao." Fundi saa alifikiri, kisha akaonyesha mfuko wa nguo zake chini ya kitanda. "Nipe koti. Mfuko wa ndani."

Lilitoka daftari dogo lenye mafuta ya mashine kwenye kingo.

"Wakati ananichoma niliona saa yake iko nyuma dakika sita. Siwezi kukaa na kitu kama hicho mbele yangu. Nikamwambia aivue. Nikaifungua, nikaisafisha, nikairekebisha, hakunilipa wala sikumdai. Lakini kila saa ninayoifungua naandika namba iliyochongwa nyuma ya mfuniko, hata iwe ya bure. Marehemu baba alinifundisha hivyo, mtu asije akasema umembadilishia." Alilipata lile jani. "Jumapili. Hii hapa."

Inspekta alipiga simu. Sajenti aliitika na chai mdomoni.

"Mwombe Profesa saa yake," alisema Inspekta. "Kwa adabu. Igeuze, unisomee namba iliyo nyuma."

Ikasikika sauti ya kubembeleza ikiuliza kwa nini, kisha sauti ya Sajenti ikisema kwamba hata yeye hajui, yeye ni mtu wa kutumwa tu. Kisha namba, moja moja. Inspekta alizirudia kwa sauti na Fundi saa akazifuata kwa ukucha kwenye daftari. Zilikuwa tisa. Alipofika ya mwisho ukucha wake ulikuwa umefika mwisho wa mstari.

"Mweke chini ya ulinzi," Inspekta alisema kwenye simu. "Saa ibaki kwako. Halafu piga kituoni waanze kuandaa karatasi za kumtoa daktari wa meno."

Alikata, akafungua ukurasa mpya. Fundi saa alitoa maelezo kwa dakika arobaini, bila kurudishwa mwanzo hata mara moja. Mwishoni aliinua kidole.

"Andika pia kwamba nilikubali. Hakunishika kwa nguvu. Nilijua ni siri na nikanyamaza."

"Wakili wake atalipenda hilo."

"Andika tu. Ndivyo ilivyokuwa."

Inspekta aliandika. Fundi saa alisoma yote, akatia sahihi kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado umebana pamba. Kisha akauliza kama sasa anaweza kupewa chakula, maana tangu jana jioni alikuwa amefunga kwa ajili ya kisu. Inspekta aliinuka kwenda kumtafutia muuguzi.